Chupa Mbili na Pua Moja

Jumamosi, 7 Machi

Mvua ya kwanza imeingia leo bila hodi na imenitia hasara. Niliacha dirisha la chumbani wazi kwa sababu ya joto. Upepo ukainua pazia, pazia likaikumba chupa yangu ya manukato mezani, na mimi kwa haraka zangu kizibo nilikuwa nimekiweka kando. Ni chupa ya mtindo wa zamani, ya kumimina, si ya kupuliza. Natoka kuoga nakuta yote yanachuruzika sakafuni, chumba kizima kinanukia chungwa linalomenywa. Niliinama nikayazoa kwa kidole nikajipaka shingoni. Ndiyo, niliyazoa sakafuni, nani angeniona?

Chupa ile alinipa mume wangu siku alipokabidhiwa kiti cha mwonjaji mkuu wa chai. Kazini wanamwita Pua, na nilipoona jina limemkaa nikaliiba. Kutwa anasimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, ananusa majani, anafyonza chai kwenye kijiko kwa kelele ambazo mtoto angechapwa kwazo, anatema kwenye ndoo, kisha anahukumu: hii safi, hii imeshika moshi, hii ililala kwenye unyevu. Kwa ajili ya pua hiyo nyumba yetu ina sheria. Jumapili hadi Ijumaa hakuna manukato, hakuna sabuni yenye harufu, hakuna kukaanga vitunguu. Jumamosi tu ndiyo yangu, maana Jumapili haendi kazini na hadi Jumatatu ngozi yangu imeshatulia.

Kilichobaki kwenye chupa hakifiki hata kucha ya kidole gumba. Pua hajui. Amelala na mafua, amejifunika gubigubi.

Jumapili, 8 Machi

Mvua. Mafua. Mgonjwa ananuna kuliko homa yenyewe.

Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda kibandani kwa wifi yangu, mdogo wake Pua, anayeuza manukato ya kupima. Nikamweleza yaliyonikuta. Alicheka mpaka akashika kaunta.

"Wifi, kwani tatizo liko wapi? Ile yako ninayo."

"Ile yangu unayo wapi wewe? Ile inatoka kwenye duka lenye mlinzi mlangoni."

"Ninayo inayofanana nayo. Ndimu, chungwa, majani, kila kitu. Mimina kwenye chupa yako, kaka hatajua."

"Kaka yako huyo huyo? Anayejua nimepita kwa fundi viatu kwa harufu ya gundi kwenye gauni?"

"Basi bakiza yale matone yako ulinganishe mwenyewe. Ukiona tofauti, nirudishie."

Nimeichukua. Nimeona aibu kidogo, lakini nimeichukua.

Jumamosi, 14 Machi

Nimelinganisha. Tone moja la ile ya kweli mkono wa kushoto, ya wifi mkono wa kulia, halafu nikakaa dirishani naangalia mvua na mikono yangu.

Mwanzoni, kusema ukweli, ni mapacha. Kama ningefumbwa macho ningekosea. Lakini hata mashine yangu ya kushonea haijapata moto, ya kulia ikaanza kupiga kelele. Ikawa tamu kama peremende. Ile ya kushoto ikanyamaza, ikageuka uchungu mzuri wa ganda, halafu kama ubao uliokatwa asubuhi, halafu ikaniaga. Kufika saa ya chakula mkono wa kushoto hauna kitu. Wa kulia umekuwa sabuni, na sabuni hiyo imekaa, haina mpango wa kuondoka. Yaani ya bei mbaya inaondoka kistaarabu, ya bei poa inahamia na mizigo yake.

Jioni nikanawa, nikavaa gauni jekundu, nikajipaka ya wifi kwa ukarimu. Pua ameshapona, amerudi kazini tangu juzi. Nikapita mbele yake mara ya kwanza. Nikapita mara ya pili.

"Unanukia vizuri, Fundi," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu ya ushonaji wangu. "Ile ile yangu."

Nilicheka moyoni kama mwizi aliyefunguliwa mlango na mwenye nyumba.

Jumapili, 15 Machi

Kicheko kimeniisha. Mtu anayelipwa kwa pua yake anashindwa kujua kilichoko shingoni kwa mkewe? Au amesema tu ili ninyamaze?

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Mapazia ya ofisi ya mtu, mita na mita. Sindano imenichoma mara mbili.

Jumamosi, 21 Machi

Nimejipaka tena, nimezidisha makusudi. Mimi mwenyewe nilipiga chafya. Yeye: "Umependeza." Sikuuliza habari ya kupendeza!

Jumatano, 25 Machi

Leo nimevunja sheria. Asubuhi ya siku ya kazi nimejipaka ya wifi kila mahali, hata kwenye nywele, nikamfungia vifungo vya shati nikiwa nimemkaribia pua kwa pua. Nilikuwa nasubiri anifokee. Nilitaka anifokee. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliwahi kulala sebuleni kwa sababu ya losheni, na asubuhi akaomba radhi lakini losheni ikaenda kwa jirani.

Akasema, "Mvua itakukamata, chukua mwavuli." Akatoka.

Nimekaa kitandani na hasira isiyo na pa kwenda. Nimeinuka, nimekaa, nimeinuka. Sikushona kitu.

Alhamisi, 26 Machi

Nimekaanga vitunguu. Vingi. Madirisha nimeyafunga. Kaingia, kavua viatu, kauliza, "Tunakula nini leo?"

Tunakula nini leo! Nyumba nzima inalia machozi na yeye anauliza tunakula nini!

Ijumaa, 27 Machi

Nimempigia wifi. Nikamwambia kaka yake hanioni tena, sina harufu, sina rangi, ni kama kiti. Akasema taratibu, "Wifi, mwanaume akiacha kugombana nyumbani, ujue anagombana na mtu mwingine mahali pengine." Nikamkatia simu. Lakini neno limeshaingia na limejifungia humo.

Jumanne, 31 Machi

Nimenusa mashati yake yote. Hakuna harufu ya mwanamke. Ni chai tu kwenye kola, kama zamani.

Jumanne, 7 Aprili

Anakula kidogo. Anatia chumvi, anaonja, anatia tena. Nikamwuliza kama chakula changu siku hizi kibaya. Akasema kizuri sana, kama kawaida. Mboga zilikuwa zimeungua chini.

Mchana nimempelekea mwavuli aliousahau. Ukweli ni kwamba nilitaka kumchunguza. Chumba cha kuonjea kina dirisha la kioo upande wa korido, nikasimama pale nikilowesha sakafu yao. Pua akanusa kikombe, akafyonza, akatema. Halafu, kabla ya kusema lolote, akageuza macho kumtazama mwenzake wa meza ya pili. Akamtazama usoni, hivi, kama mtoto anayechungulia daftari la jirani. Ndipo akasema neno na karani akaandika. Kikombe kingine, hivyo hivyo.

Mwenzake huyo ni mwanamume mwenye tumbo na masharubu, kwa hiyo upande ule nimetulia. Lakini kitu gani nimekiona sijui.

Jumamosi, 11 Aprili

Sikujipaka chochote. Akasema nanukia vizuri.

Alhamisi, 16 Aprili

Nisipoandika sitalala.

Nimerudi kupeleka mapazia, mvua inapiga kama imetumwa. Ilikuwa bado alasiri lakini mawingu yameifanya giza, na umeme umekatika mtaa mzima. Nafungua mlango wa mbele, gesi ikanikaba koo. Si harufu ya kuhisi-hisi. Harufu ya kusukuma mtu nyuma. Nikaona birika jikoni, maji yamefurika yakazima moto, jiko liko wazi, linapuliza. Na Pua ameketi mezani hatua chache kutoka pale, ametulia tuli, gazeti mapajani. Mkononi ana kiberiti. Ameshatoa njiti. Mbele yake ameweka mshumaa.

"Umerudi? Ngoja niwashe taa yetu ya..."

Sikumbuki nilivyoruka. Najua nilimpiga mkono kwa mwavuli, kiberiti kikaruka, njiti zikatawanyika sakafuni, na mimi nimefunga jiko, nimefungua mlango wa nyuma, nimemvuta shati mpaka uani kwenye mvua. Nikapiga kelele zote nilizozaliwa nazo. Wewe ni mwendawazimu? Unataka kutuua? Husikii?

Akasimama pale analowa. Akasema, "Sisikii nini?"

"Gesi! Nyumba imejaa gesi!"

Akageukia mlango, akavuta pumzi ndefu kabisa, kifua kikajaa. Akavuta tena. Nikamwona usoni. Jamani, sijawahi kumwona mtu mzima na uso ule.

"Sisikii kitu, Fundi," akasema. "Tangu yale mafua. Sisikii kitu chochote."

Tukakaa kwenye ngazi ya uani chini ya bati, tumelowa chapachapa. Akasema yote. Kwamba alidhani itarudi kesho, halafu kesho kutwa. Kwamba kazini anakwenda kwa macho, rangi ya majani, rangi ya chai, na ukali kwenye ulimi, na palipobaki anaiba usoni kwa mwenzake. Kwamba kila kikombe anaogopa ndicho kitakachomfichua. Kwamba chakula kimekuwa kama kutafuna gazeti lenye chumvi. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi, mkewe.

"Nikikwambia inakuwa kweli," akasema.

"Na unanukia vizuri, unanukia vizuri, kila Jumamosi, ulikuwa unanukia nini?"

"Nilikuwa nakumbuka."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga tena na mwavuli. Nimelia. Msimu mzima nimemnusa mashati, nimemchokoza, nimemkasirikia mtu asiyeweza hata kujua nimemkasirikia. Na bado nimekasirika! Njiti ile ilikuwa mkononi mwake. Angeiwasha akiwa peke yake, mimi ningerudi kukuta nini?

Habari ya chupa ya wifi sikumwambia. Haikuwa siku yake.

Ijumaa, 17 Aprili

Daktari amemmulika puani, amemwuliza maswali. Kasema yanatokea baada ya mafua makali. Inaweza kurudi, inaweza isirudi, na hakuna dawa ya kuiharakisha isipokuwa mazoezi: kila asubuhi na jioni anuse vitu vikali vichache anavyovijua, huku akijikumbusha vilivyokuwa. Pua akauliza, "Kama mtu anayejifunza kutembea?" Daktari akasema hivyo hivyo.

Nimehamisha mtungi wa gesi nje.

Jumapili, 19 Aprili

Tumegombana kutwa. Mimi nasema amwambie bosi wake. Yeye anasema nikamchimbie kaburi kabisa. Nikamwambia chai iliyooza ikipita mikononi mwake, watu wakainywa, hilo kaburi atalichimba mwenyewe na jina lake litaandikwa juu. Akaondoka mezani. Mvua ikamrudisha alipofika getini.

Jumatatu, 20 Aprili

Amemwambia. Bosi wao, mama mmoja mkavu asiyecheka, alimsikiliza, akaagiza chai ya wiki zote zile ionjwe upya. Magunia mawili matatu yalikuwa na ukungu na yalipita. Bado hayakuwa yametoka ghalani, namshukuru Mungu. Kamhamishia kwenye mizani, kupima magunia. Kamwambia mvua zikiisha atampima: Jumatatu ya kwanza ya Juni, vikombe mezani, mwenzake asiwepo. Akishindwa, kiti kina mtu mwingine.

Amenisimulia yote amesimama, koti hajavua.

Jumapili, 26 Aprili

Mazoezi: ndimu iliyokatwa, karafuu, kahawa, mafuta ya taa kwenye pamba. Nimefunga vikopo kwa vitambaa ili asione. Leo kapata vyote. Vyote! Nilimrukia shingoni.

Jumatatu, 27 Aprili

Na leo kapata vyote. Nikashuku. Nikajifunika uso kwa khanga. Akakosa vyote.

Alikuwa ananisoma usoni. Mwizi wa nyuso huyu! Nilipomwambia, akasema, "Nilitaka ufurahi siku moja." Nikamwambia nikitaka furaha ya uongo nitaenda kuinunua kibandani kwa mdogo wake. Hakujua kwa nini niliona haya baada ya kusema hivyo.

Jumanne, 5 Mei

Khanga usoni, ndimu mkononi. Hapana. Hapana. Hapana. Hapana.

Jumamosi, 9 Mei

Wifi amekuja na kupiga magoti mlangoni kuniomba radhi kwa lile neno la "mtu mwingine". Nilimwinua. Akamtazama kaka yake anavyonusa karafuu kwa macho yaliyofumbwa, akatoka nje haraka, akasema mvua imemwingia machoni. Mimi nilidhani huyu ni mtu wa vicheko na biashara tu. Kumbe sivyo.

Chupa zote mbili nimezifungia kwenye droo ya vitambaa. Sijipaki chochote. Jumamosi zimekuwa siku kama siku nyingine.

Alhamisi, 14 Mei

Amerusha kikopo cha kahawa ukutani. Tumefagia pamoja.

Alhamisi, 21 Mei

Nimeanza kuchukua kazi za kushona zaidi, sare, mashuka, chochote. Sikumwambia sababu na hakuuliza. Ameniona nikikata kitambaa, akaleta kiti, akaanza kunishikia ncha ya pili. Mikono yake imekuwa migumu kwa magunia. Ana mikono mizuri, lakini hana raha nayo, kila mara anaipeleka puani bila kujua.

Jumatano, 27 Mei

Mvua imekosa nguvu, inakuja inaondoka. Mimi nilikuwa naichukia na sasa naiomba ikae. Ikiisha ni Jumatatu.

Jumamosi, 30 Mei

Jua. Jua kabisa, hadi mchanga umekauka. Pua amenusa vikopo vyake nami nimejifunika khanga. Kwenye mafuta ya taa akasita. "Kuna kitu," akasema, "au natamani kiwepo." Hatukusherehekea. Tumeshachoka kudanganywa.

Jumapili, 31 Mei

Nimeamua kesho nimsindikize hadi getini kwao, na nimsindikize nimevaa vizuri. Nikalitoa lile gauni jekundu la Machi. Lilikuwa limefuliwa na kuanikwa, safi. Nikanyunyiza maji kwenye kola, nikaweka pasi ya moto, mvuke ukapanda.

Pua alikuwa sebuleni, anapaka viatu rangi. Mlango ulikuwa wazi lakini kanipa mgongo, na mimi sikuwa nimemwambia kitu.

"Fundi!" kwa sauti ile yake ya zamani, ya kufoka. "Nini hicho unachopiga pasi?"

"Gauni."

"Gauni gani linanuka hivyo? Kama mtu amemwaga sabuni ya choo juu ya peremende!"

Pasi niliisimamisha. Nilisimama nayo. Nikasikia kiatu kikianguka sakafuni.

Akaja mlangoni, brashi mkononi, anatweta kama aliyekimbia. Akaja mpaka kwenye meza, akainama, akauzika uso kwenye ile kola yenye mvuke ambamo maji na sabuni na miezi miwili ya mvua vilishindwa kuitoa ile takataka ya wifi. Akakaa humo. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Hii si ile yangu," akasema akiwa ndani ya kitambaa.

"Si yako."

"Ni ya kupima. Ya mdogo wangu."

"Ya mdogo wako. Ile yako ilimwagika siku ya mvua ya kwanza."

Akainua uso, umelowa machozi na mvuke. "Na mimi nilikuwa naisifia?"

"Kila Jumamosi."

Loo, tulicheka! Tulicheka tumeshikana, pasi ikabaki inafoka peke yake. Sijawahi kukamatwa na uongo nikafurahi hivi. Nikakimbilia droo, nikatoa chupa ya kweli, nikamwekea tone la mwisho mkononi mwake, kwenye ile ngozi iliyokomazwa na magunia. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena, taratibu, kwa ufundi wake wote. Nikamsubiri.

"Bado," akasema. "Hii hainifikii. Ile nyingine inapiga kelele, ndiyo maana nimeisikia."

Nilidhani atavunjika. Hakuvunjika. Aliketi kitandani akaniambia atakalofanya. Kesho hatatazama uso wa mtu. Atamwambia yule mama kwamba kelele ameanza kuzisikia na minong'ono bado, na chai yote ni minong'ono. Kama atamwongezea muda, atashukuru. Kama hatamwongezea, atarudi kwenye mizani na ataendelea kunusa vikopo vyake. Alisema hivyo bila kupeleka mkono puani. Mimi naogopa. Kiti kinaweza kwenda, nalijua hilo, naye analijua.

Nikarudi kumalizia gauni. Nilitaka kulitia majini kwanza litoke ile harufu, asiende kazini na sabuni ya choo puani. Akanishika mkono.

"Liache. Na kesho asubuhi jipake ile ya mdogo wangu. Jipake sana, nataka nitoke nayo hapo mlangoni."

Nikamkumbusha kesho ni Jumatatu. Akasema anajua.